Mtoto wa Jiko la Usevya

Usevya,
11 Februari 2024

Mkwe wangu Malale,

Pokea salamu zangu na za watu wote wa huku. Sisi tupo, tunakula na tunalala. Mvua imenyesha mpaka majaruba ya mpunga yamejaa, na vyura hawatuachi tusikilizane. Mguu wangu wa kushoto unasumbua asubuhi, lakini nikishawasha moto jikoni nausahau. Nyie huko Shanwe hamjambo? Biashara inakwendaje?

Specioza, katibu wa kikundi chetu cha jiko, ananicheka kila nikishika kalamu. Anasema dunia nzima inapiga simu, mimi peke yangu nahangaika na bahasha na kumbembeleza Amosi, kondakta wa basi. Nikamwambia sauti ya mkwe ndani ya sikio langu ni sawa na kukaa naye mkeka mmoja, na mimi sijafikia huko. Tangu umwoe Generosa wangu hatujawahi kula pamoja wala kutazamana. Hata siku tunamzika, ulipopita karibu nilijifunika kanga usoni mpaka ukapita. Ndivyo sisi Wapimbwe tulivyolelewa, na kwenu Wasukuma najua ni hivyohivyo. Kwa hiyo uvumilie mwandiko wangu.

Jiko linakwenda vizuri. Kila Alhamisi lile ghala la zamani la kijiji linajaa akina mama na watoto migongoni, nesi wa zahanati anakuja na mizani yake, na sisi tunafundisha. Utashangaa vitu ambavyo watu hawajui. Mwanamke analima mpunga gunia kwa gunia, ana karanga, ana dagaa, halafu mtoto anampa uji mweupe wa mahindi matupu, asubuhi mpaka jioni. Tunawafundisha kuchanganya. Tunawafundisha pia kutomwaga maji ya mboga. Wake wa wafugaji nao wametufundisha kukata viazi vitamu na kuvikausha viwe michembe, na sisi tumewafundisha kupika uyoga. Shemeji yako, mke wa kaka yako Ngolo, alikula uyoga wa kwanza akiwa amefumba macho, jikoni tukacheka mpaka machozi. Wiki iliyofuata aliomba tena.

Na tangu uanze kutuuzia mjini, hata wale waume waliokuwa wanatuona wapuuzi wanabeba magunia wenyewe mpaka stendi. Pamoja na barua hii napeleka unga wa lishe, michembe na uyoga mkavu. Uyoga usiuweke karibu na mafuta ya taa.

Uliuliza kuhusu mwanao Doto. Hajambo, amenenepa. Habari ya kuja huko tuiache kwanza, mavuno yapite.

Mama yako,
Lucia


Shanwe, Mpanda,
20 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Nakusalimu kwa heshima, wewe na akina mama wote wa jiko. Mimi ni mzima. Mzigo nimeupokea kwa Amosi, hakuna kilicholowa. Pole na mguu.

Unga hauishi siku nyingi dukani. Wanawake wanatoka mpaka Kawajense kuufuata, na kuna mwalimu mmoja anachukua kwa ajili ya wenzake. Wanauliza kama mnaweza kusaga karanga zaidi. Banda langu ni dogo lakini lipo barabarani, kila mtu analiona. Nimeandika kwa rangi nyekundu: Jiko la Usevya.

Mama, kuna jambo nilipaswa kukuambia mapema, na najua umeshalisikia kwa wengine. Mwezi wa kwanza nilioa. Anaitwa Marta, ni wa Inyonga, ni mtu mtulivu. Anakusalimu. Sikumwoa kwa kumsahau Generosa.

Doto anatakiwa kuanza darasa la awali Januari ijayo. Nimezungumza na shule, ipo karibu na ninapokaa. Miaka yote hii sijakuomba kitu, mama. Ng'ombe wa mahari ya Generosa nilitoa wote, hakuna aliyebaki nyuma. Sisemi hivyo kukudai, nasema ili ujue kwamba nilioa kwa nia ya kuwa na watoto ndani ya nyumba yangu. Nikirudi jioni naona viatu vyangu tu mlangoni, sasa na vya Marta. Kaka Ngolo atapita kwako baada ya Pasaka amchukue mtoto.

Mkweo mtiifu,
Malale


Usevya,
28 Aprili 2024

Mkwe wangu Malale,

Salamu kwako na kwa Marta. Hongera. Mwanaume hakai kama mti, na mimi sina kinyongo na ndoa yako. Hapa tunavuna. Mpunga ni mzuri upande wa bondeni, upande wa juu panya wametushinda. Generosa tunamkumbuka sana wakati wa kupepeta, maana alikuwa na mkono wake.

Ngolo alikuja. Nilimwambia Doto ana kikohozi. Wakati nasema hayo Doto alikuwa juu ya rundo la kuni anaimba. Ngolo ni mtu wa heshima, alimtazama, akanitazama, akaomba maji ya kunywa akaondoka.

Basi nisiseme kikohozi tena. Nataka kujua Marta anapika nini. Doto amekulia jikoni kwetu, anakula kwenye sinia moja na watoto wenzake, na mkono wangu hauko mbali naye. Mlete Marta akae nasi msimu mmoja ajifunze. Atalala kwangu, nitamtunza kama binti. Akitoka hapa anajua kupika, tutazungumza.

Usiudhike. Generosa alipofariki siku ile ya kujifungua, mapacha waligawanywa. Kulwa alikwenda kulelewa na mama yako, Doto akaja kwangu. Mwaka wa pili tukamzika Kulwa. Baada ya matanga nilikwenda kwa mwenyekiti nikaomba lile ghala, nikaanzisha jiko. Sijawahi kukueleza kwa nini, na wewe hujawahi kuniuliza.

Karanga za kusaga zinakuja wiki ijayo.

Mama yako,
Lucia


Shanwe, Mpanda,
9 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Marta ni mjamzito, anatapika, hawezi safari ya kukaa huko. Karanga nimezipata, asante.

Barua yako nimeisoma, nikairudisha kwenye bahasha, nikaitoa tena. Mama yangu alikuwa anambeba Kulwa mgongoni akikamua. Nitaishia hapo. Kuhusu Kulwa sitajibu kwa karatasi, na kwa mdomo huruhusiwi kunisikia. Basi sijui tutajibizana wapi.

Ngolo atakuja tena baadaye mwaka huu. Safari hiyo naomba mtoto awe amefungashiwa.

Malale


Usevya,
18 Agosti 2024

Mkwe wangu,

Hamjambo huko? Marta na mzigo wake wanaendeleaje? Sisi huku ni vumbi na upepo. Ng'ombe wanashuka kutafuta maji na wenye bustani wanalalamika, kama kila mwaka.

Naandika kwa sababu magunia yamerudi. Amosi ameyashusha hapa na kusema yalikaa stendi ya Mpanda mpaka yakaanza kusogezwasogezwa kwa miguu, hukuja kuyachukua wala hukutuma mtu. Shehena ya mwezi uliopita nayo ilikaa hivyohivyo, ikaliwa na panya. Specioza alikupigia simu mbele ya kikundi kizima. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Akina mama walikuwa wanaisikiliza inavyoita.

Ungeniambia tu. Kama una hasira na mimi juu ya mtoto, njoo kwangu mimi. Hawa wengine wamekukosea nini? Kuna mjane hapa amekausha michembe tangu Juni, mgongo umempinda. Kuna wasichana tuliowafundisha kupika, wameshaacha vibarua vya tumbaku wakitegemea jiko. Unga haukai, mkwe wangu. Ukikaa unakuwa mchungu, na ukishakuwa mchungu hata kuku wanaukataa.

Nimekuwa nikikusifia kwa watu. Naomba unijibu.

Lucia


Usevya,
22 Septemba 2024

Malale,

Nakusalimu. Barua ya Agosti hukuijibu, kwa hiyo hii nampa Ngolo aikabidhi mkononi mwako. Nimemwita mwenyewe.

Jumapili iliyopita baada ya misa tulikaa kikao. Hakuna aliyenitukana. Specioza alisimama, akasafisha koo, akasema: "Mama Generosa, sisi tunakupenda. Lakini mtoto ni wa wenyewe, ng'ombe walitoka. Mwenye mtoto ndiye mwenye soko. Sisi tufanyeje?" Nikamwambia mtoto si kiroba cha unga. Akajibu, "Hata watoto wetu si viroba, dada, na wao wanakula." Nikakaa chini. Nilitegemea mmoja wao anitetee. Mke wa Ngolo aliinama akafunga na kufungua fundo la kitenge chake. Waliobaki walitazama sakafu.

Mwanamke mmoja kati yao alinijia mwaka ule tulipoanza jiko, na mtoto miguu imevimba, nywele nyekundu. Leo mtoto huyo anakimbiza mbuzi. Nikawaza, nikimshika Doto, jiko litakufa, na watakuja wengine wenye miguu imevimba watakuta mlango umefungwa. Niliwaza hivyo mpaka nikachukia kuwaza. Nimekubali.

Sasa nisikilize, maana haya ndiyo ninayokuachia. Doto hali chakula cha moto, kipoze mpaka ukiguse kwa mdomo. Uji wake uwe mzito, kijiko kikae, na karanga uzikaange kidogo kwanza kabla ya kuzisaga, vinginevyo atakwambia unanuka shamba. Dagaa usimpe na vichwa, vinamtazama, ndivyo anavyosema. Mlenda anaupenda kuliko nyama. Akikataa kula usimpige na usimwimbie, kaa tu naye ule wewe, atakuja mwenyewe. Hajazoea kula peke yake. Usimwambie habari za Kulwa mpaka aulize. Anajua yeye ni Doto, na siku moja atataka kujua aliyemtangulia yuko wapi.

Nimemvalisha gauni la bluu. Anaondoka akidhani anakwenda kuona treni.

Mzigo wa unga utafuata kwa Amosi. Pokea mzigo, mkwe wangu. Nimeshafanya ulichotaka.

Lucia


Kawajense, Mpanda,
13 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Doto ni mzima, hana homa. Naanza na hilo kwa sababu najua hutasoma mengine mpaka ulijue.

Ona nilikoandikia. Sikai tena Shanwe. Mwezi wa saba moto ulianzia kwa mkaanga chipsi, ukachukua mabanda yote ya mstari wetu. Langu lilikuwa la tatu. Lilikuwa limejaa mzigo wenu. Nilisimama ng'ambo ya barabara naangalia, na harufu ya karanga ilienea mtaa mzima, watu wanasema kuna mtu anakaanga. Marta alirudi kwao Inyonga kujifungulia huko, kwa sababu hapa nimepata chumba kimoja kwa rafiki, na mchana nabeba tofali kwenye ujenzi.

Sikukuambia. Ningekuambia vipi? Mkwe akienda kwa mama mkwe anakwenda na kitu mkononi. Haendi kulia. Nilisema nitasimamisha banda jingine kwanza, ndipo niandike kama vile hakuna kilichotokea. Nikiona jina la katibu kwenye simu naiacha iite. Stendi nilikuwa napita mbali ili Amosi asinione. Ndiyo maana mzigo ulikaa, na barua yako ya Agosti nimeipata wiki hii tu, baada ya ile aliyoileta Ngolo.

Nilipozisoma zote mbili pamoja ndipo nikaelewa ulichodhani. Mama, sikuwa nimegoma. Mwezi wa nane nilikuandikia kwamba Doto abaki kwako, maana sina pa kumweka. Niliichana, kwa sababu ningelazimika kutaja moto. Halafu Ngolo akanipigia kuwa umemwita umkabidhi mtoto. Alikuwa na wazee wamekaa pembeni yake wanasikiliza. Ningesema nini? Baba anaulizwa mbele ya wazee kama anamtaka mwanawe. Nilisema mleteni.

Walimpitisha kwanza kwenye boma letu, wakachinja mbuzi, wakamwingiza kwenye ukoo. Wazee wanasema sasa hawezi kurudi kulelewa ujombani, akirudi itakuwa baba yake amemkataa, na jina hilo litamfuata mpaka aolewe. Nimewabishia. Ngolo amenibishia pia, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu alininyooshea fimbo.

Napika kama ulivyoniandikia. Karanga nazikaanga kidogo, kijiko kinakaa. Natoka kazini naweka uji upoe, tunakaa chini, nakula ili anione. Anachota mara mbili, tatu, anaweka kijiko. Jana aliniuliza, "Wengine wako wapi?" Nikamwambia ni mimi na yeye tu. Akasogeza bakuli katikati, akakaa anasubiri mlango. Amepungua, mama. Mikono yake imeanza kuwa kama ya yule mwingine.

Nimelisema. Nilikuwepo siku ile Kulwa anakataa kula, na nyumba ilikuwa na maziwa, na mama yangu analia. Naogopa. Niambie nifanye nini.

Malale


Usevya,
17 Oktoba 2024

Malale, mwanangu,

Leo sitakupa habari za mvua. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Nilimtoa mtoto kwa ajili ya banda ambalo lilishakuwa majivu. Nimelia kwa hasira, kwanza kwako, halafu kwangu, halafu kwa hii heshima yetu tunayojivunia. Specioza angeweza kukuita kwa jina lako na kukwambia sema, kuna nini? Mimi, niliyekuwa na haki kuliko wote, niliogopa sauti yako. Na wewe uliogopa masikio yangu. Tumemweka mtoto katikati ya adabu, na adabu haipikiki.

Jiko tumelifunga Jumamosi. Tulijaribu kuuza hapahapa kijijini, lakini huku kila mtu ana mahindi yake. Sufuria kubwa zimegawanywa, mashine ya kusaga karanga amebaki nayo Specioza kwa sababu kwake kuna umeme. Nilimsomea barua yako. Alisema, "Dada, tumekufanya nini?" Nesi ameniuliza Alhamisi aje wapi na mizani yake.

Wazee wamesema Doto hawezi kurudi. Sitapigana nao, na sitaki mtoto abebe jina baya kwa ajili yangu. Lakini hawakusema bibi hawezi kwenda. Nakuja na basi la Jumatatu. Nitalala humohumo chumbani kwako, nyuma ya pazia, na nitapika kwenye jiko lako. Najua watasema nini. Mama mkwe anakwenda kuishi na mkwewe chumba kimoja, hiyo haijawahi kusikika Mpimbwe wala Usukumani. Mke wa Ngolo alipiga kelele nilipomwambia, kisha akanifungia michembe ya njiani. Tutakula pamoja, sisi watatu, na ukinisaidia kutafuta watoto wa majirani tutawaita wakae nasi, maana Doto hujua kula pale tu panapokuwa na mikono mingi.

Sijui kama nitawahi. Nimeona watoto wengi wakifika hapo alipofika, na wengine walirudi na wengine hawakurudi, na mizani haikunipa sababu. Mpaka nifike mpe maji ya uji kidogokidogo, usimlazimishe. Na ukimwona anasubiri mlango, mwambie bibi yuko njiani. Safari hii si uongo wa treni.

Jumatatu njoo stendi mwenyewe, usitume mtu. Itabidi wewe ndiye unitambue, ujitokeze uniite, kwa sababu mimi nitashuka nimesimama tu katikati ya watu. Generosa aliwahi kuniambia una kovu juu ya jicho. Sijawahi kujua ni jicho lipi.

Mama yako,
Lucia